Kifurushi cha Mtu Mmoja au cha Familia? Mwongozo Kamili wa Kulipia Microsoft 365 Bila Kujutia

Hapa Kisasa, Dodoma, naletewa laptopu na malalamiko mawili, yanapokezana kama zamu za usiku. La kwanza: "Nimelipia Office ya familia, mbona kwa mke wangu inakataa?" La pili: "Nilinunua ya mtu mmoja, tunatumia wanne, sasa mafaili yamechanganyikana na sijui lipi la nani." Wote wamelipa pesa halali na wote wamekwama. Karibu wote wamekosea mahali pamoja: walihesabu kompyuta, wakasahau kuhesabu watu.

Mwongozo huu ni wa Microsoft 365 ya nyumbani, ambayo wengi bado tunaiita Office, yaani Word, Excel, PowerPoint na wenzao. Ina vifurushi viwili vinavyowachanganya watu: Personal, ambacho ni cha mtu mmoja, na Family, cha familia. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukirukia kwenye kulipa, utarudi kwangu na laptopu.

## Andaa hivi kwanza

- Karatasi na kalamu. Sitanii, utavihitaji kwenye hatua ya 2.
- Barua pepe ya kila atakayetumia, na simu yake iwe mkononi mwake siku hiyo. Namba za uthibitisho zitatumwa huko.
- Kadi ya Visa au Mastercard inayoruhusu manunuzi ya mtandaoni. Kadi pepe inayofunguliwa kupitia huduma ya pesa kwenye simu inaweza kutumika pia. Kadi ya benki ikikataliwa ilhali salio lipo, uliza benki kwanza kama manunuzi ya mtandaoni yamefunguliwa.
- Salio lililozidi bei kidogo, kwa sababu ya kodi na kubadilisha dola.
- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, RAM ya GB 4 au zaidi, na nafasi tupu ya angalau GB 4. Kwa Mac, acha GB 10.
- Intaneti ya kueleweka. Programu hizi ni gigabaiti kadhaa, na bando la siku moja la shilingi elfu litakufia katikati ya safari.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji kulipa

Naianza hii makusudi, kwa sababu katika kila nyumba ninayoingia kuna angalau mmoja asiyehitaji.

Word, Excel na PowerPoint zipo bure kwenye kivinjari ukiwa na akaunti ya Microsoft, pamoja na nafasi ya GB 5 ya kuhifadhi mtandaoni. Kwenye simu, na kwenye kishikwambi chenye kioo kisichozidi inchi 10.1, unaweza kuandika na kuhariri bure. Mwalimu mwenye kishikwambi cha ukubwa huo anayeandaa maazimio ya kazi hana sababu ya kulipa. Mama anayetunza hesabu za VICOBA kwenye jedwali moja, hali kadhalika.

Mwanafunzi wa chuo aulize kwanza kitengo cha TEHAMA cha chuo chake. Microsoft hutoa Office bure kwa wanafunzi wa vyuo vilivyosajiliwa nayo, na wengi humaliza miaka mitatu bila kujua kwamba barua pepe ya chuo ilikuwa na mlango huo.

Wanaopaswa kulipa ni wale wanaohitaji programu yenyewe ndani ya kompyuta: kufanya kazi bila intaneti, kushughulika na majedwali makubwa ya Excel, ripoti ndefu zenye namba za kurasa na jedwali la yaliyomo, au hifadhi kubwa kwa picha na nyaraka.

Ukifanikiwa hapa: una orodha fupi ya majina ya wanaohitaji kweli, imepungua kuliko ulivyodhani asubuhi.

## Hatua ya 2: Hesabu vichwa

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kifurushi cha mtu mmoja kinampa mtu mmoja haki ya kutumia programu kwenye vifaa 5 kwa wakati mmoja, na hifadhi ya terabaiti 1 (karibu GB 1,000) kwenye OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Msomaji akiona "vifaa 5" anapiga hesabu haraka: yangu, ya mke, ya binti, ya kijana, na moja ya akiba. Amekwisha. Vifaa hivyo 5 vyote ni vya mtu mmoja yule yule: laptopu ya nyumbani, kompyuta ya mezani, simu, kishikwambi.

Kifurushi cha familia kinabeba watu hadi 6, yaani mnunuzi na wengine 5. Kila mmoja anapata terabaiti yake 1, vifaa vyake 5 na akaunti yake. Hawagawani terabaiti moja, kila mtu ana ya kwake.

Sasa bei. Kwa bei za Marekani zilizoanza Januari 2025, Personal ni dola 99.99 kwa mwaka na Family ni dola 129.99. Bei itakayokuhusu utaiona kwenye ukurasa wa malipo, usimtajie mtu hizi kama za Tanzania. Cha kuangalia ni uwiano. Watu wawili wakinunua kila mtu cha kwake, ni dola 199.98. Wakiingia pamoja kwenye cha familia, 129.99. Kwa hiyo mtu wa pili tu akipatikana, cha familia kimeshashinda, na kuanzia wa tatu huna haja ya kikokotoo.

Uko peke yako? Chukua cha mtu mmoja na ulale. Kununua cha familia "ili nafasi ziwepo" ni kukodi Noah nzima kwenda Kondoa ukakaa peke yako siti ya mbele.

"Si tutumie tu akaunti moja ya Personal na neno la siri moja?" Nimefanya hivyo, na mdogo wangu. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili simu yake ikaanza kupakia picha zake zote kwenye OneDrive yangu, na siku nilipofungua faili mbele ya kikao kule Mtumba, picha za kitchen party zikatangulia kwenye projekta. Hilo tulilicheka. Hatukucheka nilipofungua Word na kukuta, kwenye orodha ya nyaraka za karibuni, barua yake ya kuacha kazi. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Akaunti moja haina vyumba; kila anayeingia anaona kitanda cha mwenzake.

Andika majina, kisha pembeni ya kila jina jibu maswali mawili: anahitaji programu ndani ya kompyuta? Atakuwa bado nasi mwaka mzima? Yule binamu anayesema "nitachangia mwisho wa mwezi" mwandike kwa penseli. Bili nzima inakatwa kwenye kadi ya mnunuzi, na Microsoft haina habari na makubaliano yenu ya mdomo.

Jambo jingine linalowakasirisha watu baadaye: msaidizi wa akili mnemba, Copilot, aliyeingizwa kwenye vifurushi hivi, kwenye Family ni wa mnunuzi peke yake. Wanaoalikwa wanapata programu na hifadhi, lakini si huyo msaidizi. Kama ndiye anayemvutia kijana wako, mwambie mapema.

Ukifanikiwa hapa: una namba moja. Ikiwa ni 1, Personal. Ikiwa ni 2 hadi 6, Family.

### Na Google je?

Wengine mnahitaji nafasi ya picha na barua pepe tu, Word hamuigusi. Docs na Sheets, ambazo ni Word na Excel za Google, ni bure, na kila akaunti ya Google ina GB 15 za bure. Ukilipia Google One unaweza kushirikisha wanafamilia 5 wengine, lakini nafasi unayolipia ni debe moja linalochotwa na wote: kijana mmoja mwenye video za harusi anaweza kulimaliza. Tena wanakikundi wote lazima wawe nchi moja, na mtu anaweza kuhama kikundi cha familia mara moja tu ndani ya miezi 12. Mwanao aliyeko masomoni India huwezi kumwingiza kwenye kikundi cha Dodoma.

## Hatua ya 3: Chagua nani awe mnunuzi

Mnunuzi ndiye anayelipa, anayealika na anayeweza kumtoa mtu. Achaguliwe mtu mwenye kadi ya kudumu na namba ya simu asiyoibadilisha kila promosheni inapotoka. Si lazima awe baba. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mama ndiye anayekumbuka tarehe.

Tumia akaunti binafsi ya Microsoft. Unaweza kuifungua hata kwa anwani yako ya Gmail. Usitumie barua pepe ya ofisi wala ya shule: akaunti za kazini na vyuoni ni ukoo mwingine, vifurushi vya nyumbani havikai humo. Na siku ukihamishwa kituo, barua pepe ya ofisi inabaki na ofisi.

Onyo kwa wenye steshenari na ofisi ndogo: vifurushi hivi viwili ni vya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kugawa viti 6 vya familia kwa wafanyakazi wa duka ni kuvunja masharti. Kwa biashara kuna vifurushi vya Microsoft 365 Business, vinavyolipiwa kwa kila mfanyakazi, na mfanyakazi akiondoka nyaraka za ofisi zinabaki mikononi mwako. Hilo peke yake linatosha kuvilipia.

## Hatua ya 4: Lipa wewe mwenyewe

Ingia microsoft.com, andika anwani kwa mkono wako mwenyewe, usibofye tangazo. Ingia kwa akaunti ya mnunuzi, chagua kifurushi, lipa.

Kwa mwezi au kwa mwaka? Kwa bei zile zile za Marekani, Family ya mwezi ni dola 12.99, ambayo kwa miezi 12 inafika 155.88 dhidi ya 129.99 ya kulipa mwaka kwa mkupuo. Ushauri wangu ni lipa mwezi mmoja kwanza, malizia hatua zote zilizobaki, ona kama watu wanatumia kweli, kisha hamia kwenye mwaka. Dola chache za mwezi wa majaribio ni nafuu kuliko mwaka mzima wa viti vitupu.

Sasa onyo kubwa. Mjini kuna wanaouza "Office ya maisha" kwa bei ya chipsi kuku. Muuzaji anakupa barua pepe ya ajabu usiyoijua pamoja na neno la siri, anasema ingia na hiyo. Hujanunua kifurushi, umepangishwa chumba kwenye nyumba ya mtu. Anayemiliki mfumo huo anaweza kuifunga akaunti siku yoyote, na chochote ulichoweka kwenye OneDrive yake kiko chini ya mamlaka yake. Nimeona tasnifu ikipotea hivyo, wiki mbili kabla ya kuwasilishwa.

Kipimo ni rahisi: kifurushi halali unakiingiza kwenye akaunti yako, kwa barua pepe yako. Hata kadi halali za dukani zina msimbo wa herufi na namba 25 unaouingiza kwenye akaunti yako mwenyewe.

Ukifanikiwa hapa: risiti imekuja kwenye barua pepe ya mnunuzi, na ukiingia account.microsoft.com unaona jina la kifurushi na tarehe ya malipo yajayo. Iandike tarehe hiyo kwenye ile karatasi.

## Hatua ya 5: Alika kila mtu kwa akaunti yake

Wenye Personal, rukeni hadi hatua ya 6. Wenye Family, hapa ndipo karibu wote mnakwama.

Kulipia cha familia hakumpi mkeo chochote mpaka umwalike na yeye akubali. Mnunuzi aingie account.microsoft.com, afungue sehemu ya vifurushi vyake, atafute neno "Sharing", kisha abofye kuanza kushirikisha. Atapewa njia mbili: kutuma mwaliko kwa barua pepe, au kupata kiungo cha kunakili na kutuma WhatsApp. Kila mtu atumiwe mwaliko wake. Usitupe kiungo kimoja kwenye kundi la ukoo, atakayekiwahi anaweza kuwa mjomba ambaye hukumhesabu.

Sasa kile kisa cha kila wiki. Jumamosi moja niko kwa shemeji Nkuhungu. Laptopu iko mezani juu ya kitambaa cha kufuma, vumbi la Dodoma limeshaanza kuandika jina lake kwenye kioo. Shemeji amebofya kiungo mara tatu, mara tatu kimekataa. Ananiuliza, "Shemeji, mbona inaniita kwa jina la baba watoto?"

Jibu lilikuwa ndani ya swali lake. Kwenye kona ya juu kulia kulikuwa na duara dogo lenye herufi za kwanza za jina la mumewe. Kivinjari kilikuwa bado kimeingia kwa akaunti ya mume, kwa hiyo mume alikuwa anajaribu kujialika mwenyewe kwenye kifurushi ambacho ni chake. Hakuna kilichoharibika.

Dawa: mwalikwa afungue kiungo kwenye simu yake mwenyewe, au kwenye dirisha la faragha la kivinjari (incognito), aingie kwa barua pepe yake, ndipo akubali. Shemeji alifungua kwenye simu yake, ikachukua dakika mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kukumbuka neno la siri.

Wakati wa kufungua akaunti mpya, kila mtu aweke namba yake ya simu ya kurejesha akaunti. Ukiweka yako kwa watu wote watano, umejipa kazi ya kudumu. Kwa mtoto mdogo, mzazi ataombwa kuidhinisha akaunti.

Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini: "Je, ataona mafaili yangu?" Hapana. Mnunuzi anaona nani yumo kwenye kifurushi na anaweza kumtoa, lakini hafungui OneDrive ya mtu, wala mwalikwa haoni ya mnunuzi. Mtaona tu kile mlichoamua kushirikishana.

Ukifanikiwa hapa: jina la mwalikwa limetokea kwenye ukurasa wa mnunuzi, na mwalikwa akifungua OneDrive yake anaona nafasi ya terabaiti 1 mahali palipokuwa na GB 5. Kama bado anaona GB 5, ameingia kwa barua pepe nyingine. Wengi wana mbili na hawakumbuki.

## Hatua ya 6: Sakinisha

Ondoa kwanza Office ya zamani, hasa ile ya wizi uliyowekewa na "fundi" pamoja na "crack" yake, yaani kiprogramu cha kuvunja kufuli la malipo. Matoleo mawili yakigombania kompyuta moja, utaambiwa hujalipia ilhali umelipia. Kama unatumia Office 2016 au 2019, msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiionee huruma.

Kila mtu aingie account.microsoft.com kwa akaunti yake, kwenye kompyuta yake, na apakue kutoka hapo. Kompyuta moja ikitumiwa na wawili, tengeneza watumiaji wawili wa Windows, kila mmoja na kuingia kwake.

Ikimaliza, fungua Word, nenda "File", kisha "Account". Hapo pataonyesha jina la kifurushi na barua pepe ya mwenye nayo. Soma barua pepe hiyo kwa sauti. Si ya anayekaa kwenye kiti? Toka, ingia upya.

Kama kompyuta itapelekwa kijijini Bahi au Mpwapwa kusiko na mtandao wa maana, haina neno, programu zinafanya kazi bila intaneti. Ila iunganishe angalau mara moja kila mwezi ithibitishe kwamba kifurushi bado hai. Isipothibitisha, itakubali kufungua na kuchapisha nyaraka, lakini itakataa kuandika.

## Hatua ya 7: Hamisha yaliyokuwa kwenye akaunti ya pamoja

Kama mlikuwa mnatumia akaunti moja, kaeni siku moja mgawane. Kila mtu anakili mafaili yake kwenda OneDrive yake, ayafungue matatu au manne kuhakikisha, ndipo yafutwe kule yalikotoka. Zimeni upakiaji wa picha kwenye simu zote zilizoingia kwa akaunti ya zamani, kisha mmiliki abadilishe neno la siri.

Vya familia nzima, kama nakala ya hati ya kiwanja, vyeti na bajeti ya ada, viwekwe kwenye folda moja ya mnunuzi na kushirikishwa kwa wanaohusika tu.

## Hatua ya 8: Siku ya kulipia tena

Malipo hujirudia yenyewe. Kadi pepe haina salio, kifurushi kinakatika, na watu 6 wanaamka Word imegoma. Weka kikumbusho kwenye simu wiki mbili kabla ya tarehe uliyoiandika. Usipotaka kuendelea, zima malipo ya kujirudia mapema, utaendelea kutumia hadi muda ulioulipia uishe.

Kifurushi kikikatika, nyaraka hazifutwi siku hiyo. Programu zinabaki za kusoma na kuchapisha. Hifadhi inarudi GB 5, na mwenye vitu vingi kuliko hapo hawezi kuongeza kitu, anaruhusiwa kupakua na kupunguza. Akikaa amezidi kiwango kwa miezi 6, Microsoft inaweza kufuta vilivyomo. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyetolewa kwenye familia: mafaili bado ni yake, nafasi ndiyo iliyopungua. Binti akiolewa akahamia Singida, mpe notisi ya mwezi apakue vitu vyake kabla hujabofya kumtoa, kisha ile nafasi yake mwalike yule binamu wa penseli, kama ameshachangia.